Jumamosi za Marehemu Benedicta Kokushubila

Wapendwa wafiwa, majirani na waamini wenzetu, mimi ni Theonest, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome maisha yake, nami nitayasoma yote, pamoja na yale ambayo asubuhi hii niliombwa kistaarabu niyaruke.

Marehemu Benedicta Kokushubila alizaliwa tarehe 9 Februari 1963 huko Kanyigo, mkoani Kagera, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akaendelea na sekondari, kisha ualimu, na Januari 1984 akapangiwa shule ya msingi hapa Temeke, ambako alifundisha darasa la kwanza mpaka alipostaafu Februari 2023, na asiyejua kwamba alikuwa mkali basi hakupita mikononi mwake.

Tarehe 20 Julai 1985 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Leodegar, fundi seremala wa hapa Keko, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu watano, na jeneza hili mnaloliona amelitengeneza shemeji mwenyewe.

Katika kanisa marehemu alikuwa msomaji wa masomo kwa miaka mingi, hadi mwaka 2021, jirani yetu Bi Somoe alipopooza, na kwa kuwa siku nyingine ndugu zake walipokezana kumhudumia, lakini Jumamosi binti yake Najat hutoka alfajiri kwenda sokoni, dada akaichukua Jumamosi, akawa anamwogesha, anambadilisha shuka na kumlisha uji, saa ile ile ambayo jumuiya yetu husali nyumba kwa nyumba.

Aliwaeleza viongozi wa jumuiya, akaomba wanajumuiya wapokezane naye, au siku moja moja sala ifanyike barazani kwa Bi Somoe, akajibiwa kwamba ile ni nyumba ya Waislamu na kwamba utaratibu ni utaratibu, kisha, kwa kukosa sala za jumuiya, akaondolewa kwenye usomaji, akahamia benchi la nyuma bila kununa, akaendelea kuwasalimia wote kama kawaida, mimi ndiye niliyenuna kwa niaba yake, na mpaka leo sijaacha.

Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 2019, figo zikadhoofika mwaka huu, akalazwa mwezi Oktoba, na katika kulazwa kwake kote Najat alikuja na chakula, wakati kutoka jumuiya hakuja mtu, akafariki dunia Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, saa tisa alasiri.

Tulipokwenda kuomba misa ya mazishi tukaambiwa marehemu hatambuliki katika jumuiya, ila familia ikiomba radhi kwa niaba yake misa itapatikana, na niseme kweli, mimi nilikuwa tayari kuomba, hata kwa kupiga magoti, kwa sababu dada yangu aliipenda misa kuliko chakula, lakini shemeji alisimama mbele ya kikao cha viongozi wa jumuiya akasema, "Mke wangu alikuwa anamwogesha mgonjwa. Niombe radhi kwa lipi?" Kikao kikaishia hapo, na ndiyo maana leo hamwoni padre, na ndiyo maana nina uchungu wa aina mbili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, mafundi wa Keko waliofunga karakana zao leo, majirani, akina mama wa Kiislamu waliopika hapa tangu Jumanne, na wanajumuiya ambao mmekuja na sare zenu mkakaa pale nyuma, tumewaona, karibuni.

Lipo jambo moja la mwisho, ambalo halimo katika karatasi hii. Bi Somoe, ambaye yuko nyumba ya pili na anatusikia kwa kipaza sauti hiki, amemtuma Najat kwetu asubuhi, kwanza kutupa pole, pili kuuliza, kwa aibu kubwa, kesho Jumamosi atakuja nani, nasi ndugu wa marehemu wengi wetu tunasafiri usiku huu, kwa hiyo namwomba mwenyekiti wa jumuiya, tukitoka makaburini, apite akamjibu yeye.

Dada Benedicta, umechoka kwa haki, sasa pumzika, na Mungu akupe amani ambayo sisi tulishindwa kukupa.