Maman Kasoki, Aliyekula Sombe Kazini

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Maman Yolande Kasoki anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika timu yetu ya wanasaikolojia wanaotembelea familia majumbani. Mkurugenzi ameniomba mimi, Nday, niandike wasifu wake, na akanionya nisitie chumvi. Bon, nitajaribu.

Kwa wageni wasiojua kazi yetu: mtoto akitoroka, akimpiga mama yake au akikataa kula, na hakimu wa watoto akaanza kufikiria kumwondoa nyumbani, hatuiti familia ofisini. Tunakwenda kwao mara kadhaa kwa juma, tunakaa nao mpaka mambo yatulie. Mara nyingine hayatulii, na mtoto anaondolewa. Maman Kasoki ameyaona yote mawili.

Alizaliwa Butembo, Kongo, akasoma Bukavu, akafika hapa Brussels akiwa mkimbizi. Vyeti vyake havikutambuliwa, kwa hiyo akarudia masomo karibu yote, huku akisafisha ofisi kwenye maghorofa ya karibu na stesheni ya Gare du Nord. Hapendi tulizungumzie hilo, anasema kila mtu alisafisha.

Anachekesha bila kukusudia. Anaogopa mbwa kupita kiasi, na mji huu umejaa mbwa. Huko mtaa wa Ixelles aliwahi kuongea na familia moja akiwa amesimama juu ya kiti, viatu mkononi. Mtoto wao, Noé, hakuwa akisema na mtu tangu wazazi wake watengane. Siku hiyo alicheka, kisha akamweleza jina la mbwa na tabia zake zote. Kwenye mkutano wa timu, Maman Kasoki alisema kazi ilifanywa na mbwa, yeye alichangia woga tu.

Ila kilichobadilisha huduma yetu ni kosa lake.

Lilitokea mtaa wa Saint-Josse, kwa Papa Guylain, mtu wa Butembo kama yeye, aliyefiwa na mke. Binti yake Keren, wa miaka kumi na mitano, alikuwa ameacha shule na kujifungia chumbani tangu msiba. Alikuwa pia ametoroka mara mbili. Hakimu alitoa mwezi mmoja: kama hakuna badiliko, Keren angepelekwa kuishi kwenye kituo cha watoto.

Siku ya kwanza Maman Kasoki alikuta meza imeandaliwa, fufu na sombe ya moto, yale majani ya muhogo ya kwetu. Kanuni yetu wakati ule ilikataza kula au kunywa chochote kwa familia. Akasema ameshiba. Mbelgiji angesamehewa, wangesema hajui desturi. Lakini dada wa kwenu akikataa sahani yako, ama anakudharau, ama anaogopa ulichoweka ndani, ama ameshaamua vibaya juu yako. Maman Kasoki alilijua hilo tangu utoto, na bado akafuata kanuni.

Mlango haukufunguliwa tena. Alibisha juma zima, akapiga simu, kimya. Mwezi ulikuwa unaisha, na kwa hakimu mlango uliofungwa ni jibu tosha. Mwisho akasimama kwenye ngazi na kusema kwa sauti, majirani wakisikia:

"Papa Guylain, niko na njala. Ile siku nilikosa. Munipatie chakula nikule."

Aliyefungua hakuwa Papa Guylain. Alikuwa Keren.

"Ile sombe ni mimi nilipika," alisema. "Kama ya mama. Na ukakataa."

Siku ile alipoipika ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia jikoni tangu mama yake afe. Maman Kasoki anakiri kwamba alilia pale pale, jambo ambalo pia halikuruhusiwa. Keren akapika upya, wakala watatu, na mezani ndipo msichana alipoanza kumzungumzia mama yake mbele ya baba. Hakimu hakumwondoa. Mwaka uliofuata alirudi shule.

Kesho yake Maman Kasoki alimwendea mkuu wa wakati huo, akamwambia kwamba amekula na kwamba atakula tena. Alipewa onyo. Sisi wa Lubumbashi tunawajua watu wa Butembo, wakishaamua wameamua: alibishana miaka mitatu mpaka kanuni ikafutwa. Leo kila mgeni katika timu anafundishwa kula kwanza, kuuliza baadaye, na baadhi yetu tumenenepa kwa ajili ya taaluma.

Keren sasa ni mtu mzima. Tulimwomba ruhusa ya kusimulia haya, akakubali kwa sharti moja: tuandike kwamba sombe ya siku ile ya pili ilikuwa na chumvi mno, na kwamba Maman Kasoki aliimaliza yote na kuomba nyongeza.

Tumeandika. Asante, Maman. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na watu wa kukupikia.