Koti la Mzee Dominiko Jukwaani

Baada ya miaka ishirini na mitatu ya kulinda mlango wa ukumbi wetu, Mzee Dominiko wa Bigwa anastaafu tarehe 30 Juni 1977. Uso wake ni mkali kama ndimu. Wageni walidhani amewakasirikia. Wala, ndivyo alivyoumbwa.

Aliwahi kumrudisha nje mwenyekiti mzima aliyeingia akitafuna muwa. Sisi wafagiaji tulimpenda kwa hilo.

Lakini hatuwezi kumuaga bila kusema la mwaka 1974, maana mpaka leo mwili unasisimka. Walikuja wanamuziki wa Ulaya, jukwaa likajaa, wapige muziki wa mapenzi na huzuni uliotungwa na mababu zao karne iliyopita. Mbele yao alisimama dada mmoja na fidla. Meneja wetu, Bwana Leonard, akaamuru: hakuna vigelegele, hakuna kumtuza mpigaji. Mtu akipanda jukwaani, Dominiko hana kazi.

Ikafika mahali fidla ikabaki peke yake, inalia. Akina mama wa Mkuyuni wakaanza kufungua khanga wakamtuze. Mzee akawatolea macho, wakakaa. Halafu, jamani, akapanda yeye! Mkewe Kristina tulimzika Kwaresima ya mwaka ule, na Mzee hakudondosha chozi. Sasa machozi yalimchuruzika hadi kidevuni. Akavua koti la kazi, akamtupia dada yule mabegani. Upinde ukateleza, fidla ikapiga ukelele, muziki wote ukakatika. Kiongozi wao akabaki na kijiti hewani.

“We Dominiko, una wazimu? Hilo koti ni la umma!” Bwana Leonard akafoka.

“Basi umma umemtuza,” Mzee akajibu bila kugeuka.

Mkalimani wao akamweleza dada yule maana ya kutuzwa koti. Akavaa koti, akakunja mikono ya koti, akaanza upya. Alipomaliza, vigelegele vilitikisa mabati, na hakuna aliyethubutu kuvikataza. Koti likapanda ndege, likaenda zake.

Kesho yake tulikusanyika mlangoni kumwona Mzee akifukuzwa. Bwana Leonard, ambaye hakuwahi kumwamkia hata siku moja, akamnyooshea funguo za ukumbi kwa mikono miwili. “Shikamoo, Mzee.” Tulishtuka kuliko jana yake.

Ahsante, Mzee Dominiko, kwa ukali wako wote. Nenda kwenye kabeji zako kule Bigwa, ule, ushibe, uzee uwe mtamu. Na ukitaka kulia, lia tu. Hatutamwambia mtu.