Gashe Admasu na Difu Iliyoondoka Kavu

Ifikapo tarehe 30 ya mwezi wa Sene, siku ya mwisho ya mwaka wa fedha, Ato Admasu Galcho atavua ovaroli katika karakana ya kituo chetu cha chanjo ya mifugo hapa Jinka baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Ovaroli lenyewe ni la tatu tu. Mawili ya mwanzo yaliweza kusimama wima bila mtu ndani.

Alianza mwaka 1984 kwa kalenda yetu ya Ethiopia, akiosha magari, lakini kazi iliyompa jina ni kubadilisha oili ya difu, lile bufuu la gia katikati ya ekseli ya nyuma. Pikapu zetu huvuka mito kila wiki, na difu iliyopata moto ikizama ghafla kwenye maji baridi huyanyonya. Gashe Admasu, kama tunavyomwita mkubwa wetu kwa heshima, hukinga oili chafu kwenye kopo, huitazama juani ilivyopauka kama kahawa ya maziwa, kisha humgeukia dereva: “Niliomba oili, wewe umeniletea makiyato!”

Ana amri moja: nati ya juu, ya kujazia, ifunguliwe kabla ya nati ya chini, ya kumwagia. Fundi mmoja mgeni alijifanya mjuaji akaanza na ya chini. Oili ikamwagika yote, nati ya juu ikagoma kufunguka, na gari likalala karakanani wiki nzima. Gashe alimpelekea chai kila asubuhi, akimwuliza kama gari limeshayazoea mazingira.

Saa hajawahi kuvaa. Oili ya difu ni nzito na huchuruzika polepole, kwa hiyo yeye huipimia kwa kahawa ya Weizero Tsedale, mama anayetupikia kahawa hapa kituoni. Duru ya kwanza, abol, ikimiminwa, nati ya chini inafunguliwa. Ya tatu, bereka, ikinywewa, nati inafungwa na oili mpya inajazwa. Kwa utaratibu huo difu zetu zimedumu kuliko za kituo chochote tunachokijua.

Isipokuwa siku moja ya mwaka 2003. Asubuhi hiyo binti yake alikuwa amejifungua, na bereka ilifuatwa na baraka, vigelegele na mahindi ya kukaanga. Gashe alifunga nati ya chini, akafunga ya juu, akafuta mikono, akarudi kupongezwa. Dereva nilikuwa mimi. Nilipakia masanduku ya chanjo, nikaondoka kuelekea Dimeka, ambako wafugaji walikuwa wamekusanya mbuzi wao tangu alfajiri.

Nilikuwa dereva mwanamke wa kwanza hapa, na nilibakiza siku tisa za majaribio. Mkuu wa usafirishaji wa wakati ule alikwishatangaza mbele ya watu kwamba kunipa pikapu ni kuichimbia kaburi. Difu ingesagika njiani, nani angeuliza habari za kahawa? Ningerudi kwetu na sanduku langu la nguo.

Ng'ombe ndio walioniokoa. Waliziba barabara kilomita kumi na moja kutoka mjini, nami nikasimama kuwasubiri. Mara nikasikia pikipiki nyuma, na mtu mzima akipiga kelele nyuma ya dereva wa kukodiwa, amekumbatia kopo la oili.

“Zima! Zima gari, Zenebech, usiguse hata gia!”

“Kuna nini, Gashe? Nimekosea nini?”

“Hujakosea kitu, mwanangu. Aliyekosea ni huyu babu mpya. Kopo la oili mpya nimelikuta pale kwenye kahawa, halijafunguliwa!”

Difu ilikuwa ya moto, haishikiki. Tuliisubiri ipoe kidogo, kisha akaingia chini ya gari na nguo zake za sherehe, mimi nikainua juu ya bodi chupa tuliyoijaza oili, yenye mpira wa kuishusha. Wachunga ng'ombe walikaa kututazama na kumwonea huruma. Oili ilipoanza kufurika tunduni, alikaza nati, akanitazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Chanjo ilifika kabla ya adhuhuri.

Angeweza kunyamaza, maana hakuna mwingine wa kituo aliyeona. Lakini alirudi ofisini akaandika kwenye daftari la magari: “Difu ya nyuma iliondoka bila oili. Kosa ni langu, Admasu Galcho. Ikivunjika mwezi ujao au mwaka ujao, aulizwe huyu, si dereva.” Alipewa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho katika jalada lake. Mimi, siku tisa baadaye, nilithibitishwa kazini.

Gashe, kwa niaba ya kituo kizima, asante. Nenda ukapumzike na wajukuu, afya iwe tele na nyumba isikose furaha. Lakini ujue kwamba mkuu wa usafirishaji sasa ni mimi, na barua yako ya kustaafu haiondoki bila sahihi yangu. Nimekaa nayo mezani siku nne. Leo asubuhi nimeisaini, nikilia.

Zenebech Woldu