Amechaji Wapi? Tunamuaga Mama Daftari

Mama Daftari anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya kuitumikia tamthilia yetu kwa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Hiyo miezi minne ameidai mwenyewe. Nilipomwonyesha aya hii ya kwanza nikiwa nimeandika "karibu miaka thelathini", aliizungushia duara jekundu, akanirudishia karatasi. Ndivyo alivyo, na ndiyo maana kamati ya sherehe imetafuta mtu wa kumwandika kwa wiki tatu nzima. Kila aliyeombwa aliogopa kukosea. Mzigo ukaniangukia mimi, mhariri wa picha, kwa hoja kwamba nimekaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na saba na makosa yangu ameshayazoea.

Wapo wenzetu wa ofisi za juu wasiojua kazi yake, basi niieleze. Tamthilia hairekodiwi kama inavyotazamwa. Kwetu mwizi anaweza kukamatwa Jumanne na kuiba Alhamisi. Onyesho la dakika tatu hurekodiwa vipande vipande kwa siku mbili, na katikati watu wanakula, wanalala, wanagombana na wake zao, wananyoa. Mwangalizi wa mwendelezo ndiye anayehakikisha kwamba kikombe kilichokuwa mkono wa kushoto hakihamii wa kulia. Ana kiti pembeni ya mwongozaji, runinga ndogo ya kuangalia kinachorekodiwa, na daftari. Mama yetu alilishika hilo daftari mpaka likawa jina lake, na sidhani kama mlinzi wa getini analijua lile jingine.

Aliingia hapa kama mpiga chapa wa skripti. Wiki ya pili alipita studio kuleta kurasa, akasimama kidogo, kisha akamwendea mwongozaji wa wakati huo, mtu ambaye hata wakubwa walimwogopa, akamwambia kwa adabu kwamba mjane ana pete kwenye mkono ambao jana haukuwa nayo. Mwongozaji akaenda kutazama picha za jana, akarudi, akaagiza kiti kingine kiletwe. Mama akakikalia tangu siku hiyo, isipokuwa likizo mbili za uzazi, na zote mbili alikuwa akipiga simu kuuliza pazia la sebule limefungwa au limeachwa wazi.

Visa vyake ni vingi, kurasa hazitoshi. Kuna mwigizaji aliyepigwa risasi mguu wa kushoto akawa anachechemea wa kulia, mpaka Mama akamwekea kokoto ndani ya kiatu cha kushoto. Hakusahau tena. Kuna yule kijana mtanashati wa mapenzi aliyetoka kwenda kula na nywele zake, akarudi na upara, kwa kuwa kinyozi alikuwa jirani na foleni ilikuwa fupi. Sote tulishika vichwa. Mama Daftari alifungua kabati la mavazi akatoa kofia, na kijana wa watu akabusu, akalia na kuposa akiwa nayo kichwani kwa sehemu tisa. Nilimuuliza mume wake, fundi seremala mpole sana, anaishije na macho kama yale. Aliniambia nyumbani kwao hata kijiko kikihama droo, kinaomba ruhusa.

Kisha yakaja magari ya umeme.

Waandishi waliamua kwamba familia tajiri ya tamthilia iachane na mafuta, yakaletwa magari mawili meupe. Tulijifanya tunayajua, kumbe hatujui kitu. Fundi sauti, kwa mazoea, aliyawekea mngurumo wa injini, na mwanzoni nilishangilia naye kwa jinsi ulivyotoka vizuri. Waandishi wakaleta onyesho la mhalifu anayekurupuka na kutoroka huku waya wa kuchajia ukichomoka ukutani na kurukaruka nyuma ya gari kama mkia. Mama Daftari alimwomba dereva wetu, bwana mmoja aliyetoka kuendesha malori na aliyekuwa na mkataba wa miezi sita, amkalishe ndani ya gari Jumamosi nzima. Jumatatu akaja na kurasa kumi na moja. Mngurumo utoke, gari hili halingurumi. Mkia utoke pia, gari likiwa limechomekwa haliondoki hata ulisukume kwa matusi. Na kubwa kuliko yote, chaji.

Zamani gari lilikuwa na mshale wa mafuta, na mtazamaji gani aliwahi kusoma mshale? Sasa katikati ya dashibodi kuna namba kubwa kama ya jezi: asilimia themanini, asilimia arobaini. Onyesho la mwisho wa safari likirekodiwa asubuhi na la mwanzo wa safari jioni, chaji inapanda gari likiwa linakimbia. Mama akaongeza safu mpya katika daftari. Ratiba za kurekodi zikaanza kupangwa kwa betri, na mwongozaji ambaye hakuwahi kumsubiri mtu akajikuta anamsubiri waya. Namba ikiwa kubwa mno, dereva alitumwa kuipunguza: anawasha kiyoyozi, taa na redio, anazunguka uwanja wa studio hadi Mama ainue mkono. Wageni waliotutembelea walidhani bwana yule ana stress.

Sasa nifike kwenye kosa lake. Kamati ilinishauri nilipitie juu juu. Lakini huyu ni mtu wa kuandika kila kitu, na kumwandika nusu nusu ni kumtukana.

Lilitokea mwaka jana, katika ile sehemu ambayo bibi wa familia anakimbiza gari kwenda ofisi ya ardhi kufuta saini yake kabla hawajafunga. Roho ya sehemu nzima ilikuwa betri: imebaki asilimia kumi na mbili, je, atafika? Tulirekodi nusu kabla ya chakula cha mchana. Mama alikuwa na desturi ya kubandika kikaratasi kwenye dashibodi, "Chaji iliyobaki: asilimia 12, msiguse." Siku hiyo kalamu ilikuwa inakata wino. Akaandika maneno yaliyotosha, kwa maoni yake: "CHAJI 12."

Dereva akarudi kutoka kula, akasoma. Enyi wenzangu, lugha yetu ni tamu lakini ina mitego. Chaji ni kile kilichomo ndani ya betri, na chaji ni amri. Bwana yule alikuwa mtiifu. Akalipeleka gari kwenye kituo cha kuchaji cha haraka pale nyuma ya bohari, akatega saa ya simu, akalichaji dakika kumi na mbili kamili, akachomoa, akalirudisha mahali pake na kulifuta vumbi. Namba ikawa thelathini na tano.

Mchana huo jua lilikuwa likiangukia ile runinga ndogo ya Mama, kioo kikawa cheupe. Aliangalia kikaratasi badala ya namba, kwa kuwa aliyekiandika alikuwa yeye, akakibandua, kamera zikaanza. Mwigizaji wetu mashuhuri, anayeigiza bibi, akainama, akaitazama dashibodi, akashika kifua na kutetemeka kwa hofu mbele ya chaji ya kwenda na kurudi. Alipoulizwa baadaye alisema yeye alikuja kuigiza, kusoma si kazi yake.

Watazamaji walisoma. Sehemu haijaisha, simu zikaanza. Kesho yake swali lilikuwa sokoni, ofisini, kwenye foleni za benki: "Amechaji wapi?" Watoto waliliimba. Mtu akichelewa kurudi nyumbani, mkewe anamuuliza kachaji wapi.

Wakubwa hawakucheka. Jumatatu waliitisha kikao, na aliyewekwa kitimoto alikuwa dereva. Mkataba wake ulikuwa unaisha wiki hiyo hiyo, na barua ya kutouongeza ilikuwa imeshachapwa. Alisema karatasi ndiyo iliyomwambia achaji. Karatasi ipi? Haikuwepo kwenye dashibodi. Akaonekana mwongo juu ya uzembe.

Mama Daftari hakuwa ameitwa. Huyu ni mtu ambaye alibakiza miezi minane astaafu, na kila mmoja wetu anajua ile ngao ya utumishi usio na dosari, inayotolewa kwa wastaafu ambao mafaili yao hayana hata onyo moja. Kwa miaka yote hii imetolewa mara mbili tu. Mama aliitaka. Hakuficha, mumewe alishamtengenezea kirafu cha kuiweka, na tulikuwa tukimtania kuhusu hicho kirafu. Angekaa kimya, ngao ilikuwa yake. Alibisha hodi, akaingia, akafungua bahasha iliyo nyuma ya daftari anamohifadhi kila kikaratasi alichowahi kubandua, akakiweka kile cha "CHAJI 12" mbele ya meneja. Kwa maneno ya dereva mwenyewe, ambaye husimulia mpaka leo machozi yakimlengalenga, alisema hivi: "Huyu alifanya nilichoandika. Aliyeandika nusu ni mimi."

Dereva aliongezewa mkataba, na leo ndiye mkuu wa magari yote. Mama akapewa onyo la maandishi. Akalisoma, akamwonyesha katibu muhtasi kwamba tarehe imekosewa, likachapwa upya, akasaini.

Halafu akafanya jambo lililotuokoa sote. Aliwaendea waandishi waliokuwa wamekata tamaa, akawaambia wasikane chochote. Namba imepanda, basi bibi alisimama mahali akachaji. Alisimama wapi? Alikutana na nani dakika hizo kumi na mbili? Na kwa nini hajamwambia mumewe? Mnajua kilichofuata: yule mwanamke kwenye benchi la kituo cha kuchaji, pacha aliyedhaniwa amekufa, sehemu arobaini na tatu, na watazamaji wengi kuliko wakati wowote tangu tuanze. Meneja alipompongeza mbele ya watu, akisema lile halikuwa kosa bali baraka, Mama alimjibu kwamba kosa likizaa matunda haliachi kuwa kosa. Akarudi kwenye kiti chake. Tangu hapo ndani ya uwanja wetu tunasema "imebaki" na "chomeka". Anayetamka lile neno jingine anapelekwa kukunja waya.

Hivyo Ijumaa, siku ya sherehe, atapewa cheti cha kawaida na zawadi ya kamati. Ngao hapati.

Hapo ndipo rasimu yangu ilipoishia, na kamati iliipenda. Lakini kazi yangu ni kukata, na kwa miezi minane nimekata kipande kimoja ambacho hakikuwa changu kukikata.

Picha zote hupita mezani kwangu kabla hazijaenda hewani. Ile ya dashibodi ilipita. Mashine ya uhariri huandika yenyewe kila mahali picha inaposimamishwa, na kwa muda gani. Pale kwenye asilimia thelathini na tano imeandika dakika nne. Nilikuwa nimeikodolea macho. Zilibaki saa mbili nikabidhi, kurekodi upya kungeniharibia mwisho wa wiki, nikajiambia watu watatazama uso wa mwigizaji. Nikaiachia. Siku ya kikao nilikuwa koridoni, nje ya mlango ule ule, nikaufyata. Nilimwona dereva akiingia, nikamwona Mama akiingia, nikaenda zangu kunywa chai.

Orodha hizo za mashine hupelekwa kwa mwangalizi wa mwendelezo kila Jumatano. Jumatano ile alikuja mlangoni kwangu, akaniuliza neno moja tu: "Uliiona?" Nikamwambia sikuiona. Akasema, "Haya," akaenda. Hakuniuliza tena, hakumwambia mtu, hakupunguza hata salamu. Mwezi uliofuata mke wangu alipolazwa, ni yeye aliyekuja na chupa ya uji na kukaa naye ili mimi nikalale. Na wakati wote huo zile dakika nne zilikuwa ndani ya bahasha yake, nyuma ya daftari.

Asubuhi ya leo nimempelekea meneja barua pamoja na orodha ile. Nimeomba onyo lihamie kwenye faili langu, linapostahili, na faili la Mama lisafishwe kabla ya Ijumaa. Sijui atajibu nini. Akikataa, basi angalau wote mtakaosoma ukurasa huu mtajua mmekaa na mtu wa namna gani.

Mama Daftari, kwa niaba ya waigizaji, mafundi, madereva na waandishi wote, asante kwa macho yako na kwa miaka ishirini na tisa na miezi minne. Nenda ukapumzike na mzee, ukae sebuleni utazame tamthilia yetu kama watu wengine, bila kalamu mkononi kama utaweza. Tunakuombea afya tele na siku nyingi za raha.

Na swali lako la Jumatano ile nalijibu hapa, mbele ya watu wote: niliiona.