Mashine Ikinyamaza

Nikalisheni, wanangu, mniwekee mto mgongoni, kisha msikilize, wewe Masha na wewe Nelly, asinikatize mtu, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kupimia.

Karakana ya nyuma ya nyumba, mnayofundishia mafundi wa viwandani, nawaachia pamoja, wala msiipige ukuta katikati. Najua kila mmoja ataka yake. Masha wasema fundi ni mkono na sikio. Nelly wasema kwanza aiendeshe mashine ya kwenye kompyuta, aiharibu huko mara mia bila kuumiza mtu. Na tangu mwanafunzi wenu Ziro akatwe vidole viwili kule kiwanda cha maembe, ni kurushiana maneno tu: “Kompyuta zako hizo!” “Mwanafunzi wako huyo!”

Kosa lile ni langu.

Mimi niliingia kiwandani kufagia, nimeishia darasa la saba, na Masha mgongoni. Fundi Jaafar, Mungu amrehemu, akaniita: “Njoo Kahonzi, nipe huyo bwana mkubwa nimpakate, wewe weka kiganja kwenye mota.” Ukamkojolea, Masha, naye akacheka, akaendelea kunifundisha joto, mtetemo, harufu ya waya unaoungua. Akaniambia mashine ikinyamaza imelala. Kwa mashine za wakati ule ilikuwa kweli.

Nami nikamwambia Ziro vivyo hivyo, siku Masha alipokwenda kununua grisi akaniachia wanafunzi. Lakini mashine za sasa zikinyamaza zangoja. Embe likipita mbele ya kile kijicho chake cha kuhisi, mkanda waondoka wenyewe, nao ukamkuta Ziro ametia mkono ndani. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilipokwenda kumtazama hospitali, Ziro alijisogeza kitandani na bendeji zake, akasema, “Kaa mama, umetoka mbali.” Hakunitaja kwa mtu. Nami kwa kuona haya nikawaacha mgombane miaka miwili.

Sasa shikeni hili. Mwanafunzi aanze kwa Nelly, ajue mashine yangoja nini; aende kwa Masha, aishike ikiwa imefunguliwa; kisha akae kiwandani ubavuni mwa fundi mzoefu, na kabla ya kuingiza mkono azime swichi, aifunge kwa kufuli yake mwenyewe, ufunguo mfukoni mwake. Asipewe cheti mtu aliyepita njia moja. Mkono mmoja haulei mwana.

Shamba langu la Marafa ni la Ziro. Msinune. Kesho asubuhi nendeni kwake nyote wawili, mkamweleze niliyosema, yote, msinifichie aibu. Mwombeni aje afundishe nanyi. Akikataa, msimlazimishe, shamba ni lake vilevile.

Nelly, mama, usilie, wanipunguzia nguvu… Maji. Tone tu. Basi.

Mungu awarudishe nyumbani kila jioni na mikono yenu mizima, nyinyi na… na watoto wa watu mtakaowafundisha. Awape subira ya kusikilizana. Nimewaridhia, wanangu, nyote… nyote wawili.

Nilazeni sasa. Taratibu.