Mafuta Niliyopaka Kwenye Mtutu

Ndugu zangu walezi, nashukuru mmenipa nafasi. Nilimwambia mama mwenyekiti kuwa mimi si msemaji, akanijibu, "Wewe simama tu, maneno yatakukuta hapo hapo." Basi nimesimama. Mkiona nacheka kabla hatujafika pa kuchekesha, nivumilieni.

Kwetu mimi ndiye mkubwa. Wazazi wetu waliuawa kwa risasi kule Kivu, nikaacha shule kabla ya kumaliza msingi, kwa sababu mtu mmoja ilibidi awe wa kupika. Nikawalea wadogo zangu kambini, nikaja nao Australia. Wawili wana familia zao, wanaishi mbali. Aliyebaki na mimi hapa Doonside ni kitinda mimba wetu. Jina silitaji, ameniomba. Yeye ananiita Yaya, kama Wakongo tunavyowaita wakubwa wetu.

Corona ilipoingia alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Kensington, wa kwanza katika ukoo wetu wote. Masomo yakahamia kwenye kompyuta, naye akahamia chumbani. Mwanzo alitoka kula. Baadaye nikawa namwachia sahani mlangoni. Mwaka wa pili ndio ulikuwa mbaya zaidi, mnakumbuka, walipotufunga sisi wa magharibi ya jiji kwa ukali kuliko wenzetu. Helikopta juu ya mapaa, askari wanagonga kuuliza kama tuko ndani. Sisi tuliotoka tulikotoka, askari akigonga mlango, unatafuta pa kujificha kabla hujakumbuka uko nchi gani.

Mimi nilikuwa napika kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo nilitoka kila siku. Nikirudi, naikuta sahani vilevile.

"Umekula?"

"I'm fine, Yaya."

"Sijakuuliza kama uko fine. Nimekuuliza kama umekula."

Nikaiokota sahani, nikaenda kuipasha moto.

Siku moja akasema nyuma ya mlango, "Naacha chuo. Nitaenda kupanga maboksi ghalani Lidcombe." Ndugu zangu, kupanga maboksi ni kazi ya heshima, nusu ya waliokaa hapa wamelisha watoto kwa maboksi. Lakini ile haikuwa sauti ya mtu anayetaka kazi. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kujitoa. Niliwavusha wote mipaka salama, halafu nikawa nampoteza huyu mmoja ndani ya nyumba yangu mwenyewe, hatua chache kutoka jikoni.

Jirani yetu ni mzee Mzungu, amefiwa na mke. Nilizoea kumpitishia maandazi juu ya uzio. Walipotufungulia, alikuja kurudisha bakuli, akauliza kama kijana wangu angependa kwenda naye klabu ya kulenga shabaha.

"Bunduki?" nikamwuliza.

"Tunapiga karatasi, mama. Karatasi tu."

Nikamwambia hapana, na asante kwa bakuli. Mlango wa chumba ukafunguka nyuma yangu. Alisimama pale na soksi, nywele kama kichaka.

"Mimi nitaenda," akasema. Kwa Kiswahili, ili nijue ananiambia mimi.

Mngekuwa ninyi mngesema nini? Nilisema, "Basi twende wote."

Klabuni walinipa vifuniko vya masikio, nami nikafunga kitenge juu yake. Nilikaa nyuma kabisa, macho chini. Bunduki ya mzee ni ya risasi moja. Unaivunja katikati kwenye bawaba, unaweka risasi, unafunga, unapiga, basi, unaanza upya. Mdogo wangu aliipenda kwa hilo. Alisema, "Haina haraka, Yaya. Unapata muda wa kupumua."

Ilikuwa na mitutu miwili, mdogo wa kujifunzia na mkubwa wa kufikia mbali. Unafungua skrubu, unatoa kipande cha mbao cha mbele, unaushusha mtutu huu, unapachika ule. Kila mtutu una darubini yake juu, ili ukibadilisha, shabaha isipotee.

Vidole vya mzee vimekakamaa. Akaniuliza kama ningeweza kumfutia mtutu unaopumzika. Akauweka kwenye taulo mapajani mwangu. Chuma kile! Niliomba kimoyomoyo, maombi yote niliyokuwa nayo. Halafu nikaona chupa ya mafuta kwenye sanduku lake, nikafanya ninavyojua. Nikaupaka. Nje, ndani, kwenye maungio, kote. Nilijiambia, kama mtoto wangu lazima aguse kitu hiki, basi angalau kiwe kimetunzwa.

Kuanzia hapo mambo yakaharibika. Kila wakibadilisha mtutu, matundu yanakimbia kwenye karatasi. Leo yako kushoto, kesho yamepanda juu. Mdogo wangu anageuza vifundo vya darubini, yanazidi kutawanyika. Mzee anaangalia skrubu, anatikisa kichwa. Nami, kila wiki, nafuta na kupaka.

Siku moja ndani ya gari mdogo wangu akasema, "Ni mimi. Hata hiki kimenishinda. Sirudi tena." Jumamosi iliyofuata sahani ilirudi mlangoni.

Nilikwenda kugonga kwa mzee. Mimi, mwenye kuchukia bunduki, nikamwambia, "Tafadhali njoo umchukue." Akaja, akasimama mlangoni kwa kijana, akasema hajamaliza kutafuta kosa, na peke yake hawezi, vidole havimtii. Mdogo wangu akavaa viatu.

Pale mezani mzee hakupiga hata risasi moja. Alivitenganisha vipande, akaingiza kidole mahali mtutu unapokalia. Kidole kikatoka kinang'aa kama kimechovywa kwenye sufuria ya kukaangia.

"Nani amefanya hivi?"

Mimi nikatazama dari. Mdogo wangu akanitazama mimi.

"Yaya," akasema, "umeipaka mafuta?"

"Kidogo tu."

"Kidogo?" Akamgeukia mzee, akaanza kumweleza kwa Kiingereza huku sauti inamkatika. "Ndivyo alivyo! Kambini alitupaka mafuta mpaka tukateleza kwenye benchi la kanisa! Mwalimu alinishika mkono nikamponyoka!"

Akacheka. Ndugu zangu, akacheka mpaka akakaa chini kwenye saruji. Mzee naye akacheka, machozi yakamtoka. Mimi nililia, na sikujua kama ni kwa aibu au kwa nini. Nilikuwa sijaisikia ile sauti tangu watufungie.

Mzee akatueleza kwa upole. Mahali chuma kinapokutana na chuma, mafuta mazito yanakifanya kikae leo hivi, kesho vile. Mafuta yakibaki ndani ya mtutu, nayo yanaipoteza risasi ya kwanza. Basi futa mpaka pakauke, acha utando mwembamba sana kwenye bawaba. Kaza skrubu kwa nguvu ileile kila mara, kwa spana ndogo inayolia ikishakaza vya kutosha. Halafu usiiguse darubini. Piga kwanza risasi chache polepole, uone mtutu umekaa wapi.

Tukafanya hivyo, mimi nikifuta na kitambaa kikavu, yeye akikaza. Matundu yakarudi pamoja, yamekaribiana kama watoto kitanda kimoja. Kesho yake alikula mezani. Muhula uliofuata alirudi Kensington.

Namshukuru yule mzee, aliyerudisha bakuli na neno juu yake. Nawashukuru ninyi mlioacha masufuria getini kwangu nilipokuwa sina nguvu ya kuongea. Na kwa mliobaki na mtu nyuma ya mlango, nina hili tu. Mtu akishabadilishwa nchi, chuo, maisha, mara za kwanza atakosa. Msimwache ajiite mbovu, wala msianze kumgeuzageuza. Kaeni karibu naye, apige taratibu. Na kama kuna kitu kinachomtoa chumbani, kaeni karibu nacho pia, hata kama kinawatisha.

Mimi bunduki bado sizipendi, sitawadanganya. Ila Jumamosi huwa naketi pale nyuma na kitambaa changu kikavu, namtazama mdogo wangu, mgongo ukipanda na kushuka anavyopumua, na sitamani kuwa mahali pengine popote.