Kompyuta Isiyozimwa

Benchi lenyewe ni mlango wa nyumba iliyobomolewa, umelazwa juu ya matofali chini ya dirisha langu, hapa Kisauni njia ya kwendea Junda. Kitasa hakijatolewa, anayechelewa ndiye hukikalia. Mkono wa kulia ni chumba cha Johari, mpiga chapa, na ndani ya chumba hicho mna kompyuta ambayo siku kumi na moja sasa haijazimwa, kwa hofu. Ilipozimwa mara ya mwisho iliamka adhuhuri. Hubonyezi herufi ikatokea. Wabonyeza, wamwamkia mpita njia, wamuuliza hali za nyumbani, kisha ndiyo herufi yaja. Humo kompyutani ndimo ilimoingizwa, mwaka huu wa tisini na nane, Junda nzima: nyumba mia tatu na kumi na mbili, mwaka waliohamia, minazi waliyopanda, makaburi waliyochimba. Ardhi ina hati, na hati ina mwenyewe ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Jumatatu saa tatu orodha iwe imefika afisi ya ardhi. Isipofika, tingatinga lishaegeshwa Bamburi. Nayo ilikuwa Jumamosi, alasiri, na printa ilikuwa imetoa kurasa tatu tangu alfajiri.

— Kompyuta imeshiba, alisema Khatibu, katibu wa kamati ya Junda, ambaye kijiweni huitwa Profesa kwa kuwa aliwahi kufanya kazi katika afisi yenye feni. Watu wote wale, na maiti wao! Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Basi kibaba kimejaa.

— Wahenga hawakuwa wakisema mambo ya kompyuta, Profesa.

Huyo ni Kalama, fundi redio, jina lake la kijiweni Fyuzi. Mkobani alikuwa na kijiti cha kijani chenye meno ya shaba, kirefu kama kidole cha kati, amekiviringia kitambaa. Hiyo ndiyo memori. Kamati ilikuwa imechanga elfu sita, na memori ilitaka nusu yake.

— Nikiitia hii, itapiga mbio. Kazi ya dakika kumi. Ila lazima nizime.

Kila mtu alikishusha kikombe chake.

— Uzime? aliuliza Mbarak, muuza kahawa, dele likiwa limeinama hewani halimwagi. Fyuzi, wallahi hata kwa mzaha usiseme hivyo.

— Sasa niifungue ikiwa na moto? Nife mimi?

— Wewe una ndugu saba, alisema Babu Meli.

Babu Meli alifanya kazi melini miaka ishirini na bado hutembea akipanua miguu. Alinyoosha kidole kuelekea chumba cha Johari, akateremsha sauti kama kwamba ile kompyuta itamsikia.

— Sikizeni. Baina ya Karachi na Aden, fundi mmoja aliifungua kompyuta ya meli. Kuifunga tu, haijui bandari hata moja. Siku tisa twazunguka. Tulikula mbuzi wa harusi ya watu.

— Babu, meli yako ya mwaka wa sitini na moja ilikuwa na kompyuta? aliuliza Kalama.

— Ilikuwa nayo. Hatukuwa tukiiita hivyo.

— Dawa si kuifungua, alisema Profesa. Dawa ni kununua nyingine. Kuna mtu mjini, ana mtumba safi kutoka Dubai, elfu ishirini na mbili. Lakini ukimpelekea ile kuukuu, akupunguzia kumi.

— Na zilizobaki? aliuliza Kalama.

— Tutachanga.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alisema Mbarak. Ndiyo sababu hizi kompyuta mpya zaja na nyaya nyingi.

Kalama hakucheka. Alikuwa akimtazama Profesa.

— Ngoja. Huyo mtu wa mjini, kompyuta kuukuu yamfaa nini? Chuma kizee, cha hoteli iliyofungwa Shelly Beach. Elfu kumi ya nini?

Hapo nilisogeza kiti changu karibu na dirisha. Ndilo swali la kwanza la maana tangu adhuhuri.

— Huenda ataka vyuma, alisema Profesa.

— Huenda ataka majina, alisema Babu Meli. Nani akaa wapi, na mwanamume hayupo nyumba gani.

Ndani, feni ya kompyuta ilisikika ikivuma kama mtu anayelala na mafua.

— Na hata ukinunua mpya, Mbarak alisema polepole, nimesikia ya mwaka wa elfu mbili.

— Hilo nami nalijua, alidakia Profesa, akifurahi kurudishiwa kiti chake. Kompyuta hazihesabu zaidi ya tisini na tisa. Ukifika mwaka wa elfu mbili, zitadhani ni elfu moja mia tisa. Sasa tazameni: sisi tumeandika nyumba ya kwanza imejengwa hamsini na nane. Kompyuta itasema hamsini na nane haijafika. Yaani Junda hakuna mtu. Minazi yenu haijaota. Wazee wenu hawajazaliwa, na wao wamo kaburini!

— Audhubillahi, alisema Mbarak.

— Kisheria, mtu ambaye hajazaliwa hana nyumba.

— Sheria ipi hiyo? aliuliza Kalama.

— Sheria za kimataifa.

Johari alitoka. Alikuwa na alama za vidole machoni, alivyokuwa akiyasugua, na leso yake ya begani imegeuka nyuma mbele. Hakumwamkia mtu.

— Ukurasa wa nne umekwama nusu. Zimebaki thelathini na saba. Kwa mwendo huu nitamaliza Alhamisi. Kalama, niambie neno moja, nizime nisizime?

— Nikuulize mimi kwanza. Tuseme nimezima, isiamke tena. Zile karatasi za mkono, ambazo watu wa Junda walizitia madole gumba, si zipo? Zikiwapo, nazima sasa hivi. Likifa na life. Twatafuta taipureta tatu, twapiga mpaka Jumatatu asubuhi.

— Zipo, alisema Johari, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akavuta pumzi mpaka chini. Nilipomaliza kupiga chapa nilimrudishia katibu gunia zima. Profesa, tuma mtu azilete.

Profesa alikunywa kahawa. Kikombe kilikuwa kitupu, lakini alikunywa.

— Profesa?

— Karatasi ni mambo ya kale, Johari. Mtu akishaingia kwenye kompyuta ameingia. Nyumba yangu ndogo, panya wengi.

— Ziko wapi?

Aliyejibu ni Mbarak, na hakujibu kwa maneno. Alikitazama kikapu chake cha njugu. Mbarak huuza njugu kwa kikaratasi kilichokunjwa kama pembe, na kila mtu pale benchini alikuwa nacho kimoja mkononi. Mimi mwenyewe nilikuwa nacho dirishani.

— Gunia uliloniletea mwezi uliopita, alisema. Uliniambia ni karatasi za shule.

Kalama alimimina njugu zake gotini, akakikunjua kikaratasi. Kilikuwa na chumvi na mafuta. Alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma ubao wa kaburi:

— Mwarandu Randu. Amehamia sitini na tatu. Minazi kumi na sita. Makaburi mawili.

Chini yake, duara la wino wa zambarau, alama ya dole gumba. Hakuna aliyetafuna tena.

— Gunia limebaki kiasi gani? aliuliza Johari.

— Hivi hapa kikapuni. Na vichache nyumbani, huenda.

— Wamo ndani ya kompyuta! alisema Profesa, akisimama. Majina yamo! Kwa nini mwanitazama hivyo? Mbio za sakafuni huishia ukingoni, tena hii haina mbio, kwa hiyo haitafika ukingoni. Hatuzimi. Hatuifungui. Hakuna mtu kupita karibu yake na viatu!

Kalama alikifunga kijiti chake kitambaani, akakirudisha mkobani.

Hapo ndipo alipofika Mama Kahaso, kwa miguu kutoka Junda, amejitanda leso mbili na vumbi mpaka magotini. Babu Meli alimwondokea, akamwachia upande usio na kitasa.

— Hamjambo, wanangu.

— Hatujambo, mama. Shikamoo.

— Marahaba. Nimeambiwa Jumatatu ndiyo siku. Nami nimekuja kwa neno moja, kisha niende zangu. Mume wangu Kenga alitia dole mwezi wa tatu. Wa sita akafa. Dole lake lipo?

— Jina lake limo, mama, alisema Johari. Nakumbuka nilivyolipiga. Minazi ishirini na mmoja.

— Jina lake hata huyo mwenye hati aweza kuliandika, mwanangu. Huyo wa afisi ya ardhi alisimama kwetu akasema: wataandika waongo, mimi nataka dole. Ndipo Kenga akatia. Nawauliza dole.

Profesa alifungua kinywa. Mbarak, ambaye sijamwona akimkosea heshima mtu mzima, alimwambia:

— Nyamaza, bwana.

Kisha alikichukua kikapu, akamwaga njugu zote juu ya benchi, vikabaki vikaratasi tu, akakiweka mbele ya mama. Mama Kahaso alivitazama vile vikaratasi. Hakuuliza vimefikaje pale. Alipangusa mkono kwa leso.

— Sijui kusoma, alisema. Lakini lake lina kovu la panga, katikati, hivi. Nitalijua.

Alikunjua cha kwanza, akakiinua kwenye mwanga, akakiweka. Cha pili. Babu Meli akaanza kumkunjulia. Kalama naye, kisha Johari. Nilimpa changu kupitia nondo za dirisha. Profesa alisimama peke yake, mikono mifukoni, na nyuma yake feni ikivuma. Walimaliza kikapu. Walitumwa watu nyumbani kwa Mbarak, wakarudi na vikaratasi tisa. Mama Kahaso alivitazama vyote tisa.

— Na hizo nyingine? aliuliza.

Kahawa ilikuwapo, bado ya moto, na hakuna aliyeitaka. Mama Kahaso alikiokota kile kikaratasi cha kwanza, akaanza upya.